Majina ya Bonde la Ufa katika Vinywa vya Wageni

Mji mkuu wa Ufaransa huandikwa Paris, lakini Mfaransa alitajapo jina hilo haitamki ile s ya mwisho, husema Pari. Mwingereza huitamka s hiyo waziwazi, wala hapana Mfaransa amwonaye kuwa mjinga kwa ajili hiyo. Miji ya Lyon na Marseille nayo Waingereza waliiandika kwa miaka mingi Lyons na Marseilles, wakiiongezea s ambayo wenyeji hawana. Wafaransa hawakukosa kulipa, kwa maana London huiita Londres. Na katika vita vya 1914 hata 1918, askari wa Kiingereza waliopigana karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, walishindwa na jina hilo wakaligeuza kuwa Wipers, neno ambalo katika lugha yao ni vitu vya kupangusia.

Mambo hayo yaweza kuonekana kuwa ya mbali, ya watu wa Ulaya na ndimi zao. Lakini mtu apandaye motokaa Nairobi kwenda Nakuru, safari ya kilomita zipatazo 160, hukutana nayo kila baada ya mwendo mfupi. Vibao vingi vya njiani vina jina lililotoka katika lugha moja, likasikiwa na sikio la lugha ya pili, likaandikwa na karani wa lugha hiyo kama alivyoweza, na leo linatamkwa na wasafiri wa lugha nyingine nyingi. Ndipo yazuka maswali mawili. Ni nani mwenye haki ya kusema kwamba jina limetamkwa vibaya? Na likitamkwa vibaya, ni nini kinachopotea?

Kushuka bondeni

Bonde lenyewe halina taabu hiyo. Mtaalamu wa mawe na ardhi, J. W. Gregory, alilipita mwaka wa 1893, naye ndiye aliyelieneza jina la Kiingereza ambalo Kiswahili kimelifasiri kuwa Bonde la Ufa. Hapa maana ndiyo iliyovuka kutoka lugha hata lugha, na sauti ikaachwa nyuma. Mtoto wa shule asikiapo "ufa" huelewa mara moja kwamba nchi ilipasuka.

Lakini majina yaliyomo ndani ya bonde hayakufasiriwa. Yalichukuliwa kwa sauti tu, na maana ikaachwa.

Ashukaye kwa barabara ya chini, ile iliyojengwa na mateka wa Kitaliano wakati wa vita vya pili vya dunia, hufika Mai Mahiu. Jina hilo ni la Kikuyu, na maana yake ni maji moto. Mkikuyu hahitaji kuelezwa. Msafiri mwingine hulitamka kila siku bila kujua kwamba ametaja chemchemi. Reli ya zamani ilipita juu zaidi, Kijabe, jina ambalo asili yake ni neno la Kimaasai la upepo na baridi. Yeyote aliyewahi kungoja gari la moshi mahali pale alfajiri hana haja ya kamusi.

Mbele kidogo, upande wa kushoto, husimama mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776. Wamaasai huuita Oloonong'ot, mlima wenye migongo mingi. Atazamaye ubavu wake, uliochimbwa na maji ya mvua hata ukawa matuta na mifereji toka juu mpaka chini, huona kwamba jina ni picha ya mlima wenyewe. Waingereza waliposikia sauti ya ng' katikati ya neno waliiandika kwa n na g, kama desturi yao. Na mwanzo wa neno, ule uonyeshao jinsia ya kitu katika Kimaasai, wakaukata. Kilichobaki ni Longonot, jina zuri la kutamka, lakini halina picha tena.

Ziwa la mawimbi na ziwa la vumbi

Kukata huko kwa mwanzo wa neno ndiko kulikofanya kazi kubwa kuliko yote. Katika Kimaasai majina mengi hutanguliwa na ol au o kwa jinsia ya kiume, na en au e kwa jinsia ya kike. Mgeni asiyejua jambo hilo huona kuwa ni kelele ya mwanzoni tu. Basi Enaiposha ikawa Naivasha. Hata sauti ya p iliyokuwa katikati iliandikwa v, na watu wote baada ya hapo wakaifuata ile v kama kwamba ndiyo sahihi tangu zamani.

Enaiposha maana yake ni maji yanayochafuka, maji ya mawimbi. Ziwa hilo liko juu sana, zaidi ya mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi hulala kimya kama sahani. Alasiri upepo hushuka, na katika muda mfupi mashua ndogo huwa hatarini. Wavuvi wa hapo hulijua hilo kwa uzoefu, na wengine wamelijua kwa msiba. Anayesikia "Naivasha" husikia jina la mji wenye mashamba ya maua na stesheni ya reli. Anayesikia "Enaiposha" husikia onyo. Tofauti ya maneno hayo mawili ni herufi chache tu, lakini moja linasema na la pili limenyamaza.

Baada ya Naivasha, kando ya barabara kuu, pana maduka ambapo wasafiri wengi husimama kununua maziwa na chakula. Mahali hapo huitwa Delamere, kwa jina la ukoo wa setla mashuhuri, Lord Delamere wa tatu, aliyepewa mwaka wa 1903 ardhi ya ekari zipatazo 100,000 karibu na Njoro. Waingereza hulitamka kama "Delamia". Msafiri alisomaye kibaoni kwa desturi ya Kiswahili, ambapo kila herufi ina kazi, husema De-la-me-re, silabi nne kamili, na hakuna mwenye duka aliyemkatalia maziwa kwa sababu hiyo.

Jambo la ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walilipata jina hilo kwa njia ya Kifaransa. Sehemu ya mbele ni ya Kifaransa cha watawala waliotoka Normandy, nayo ya nyuma ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya ziwa. Asili yake ni msitu wa Delamere, katika jimbo la Cheshire, yaani msitu wa maziwa. Tena jina la ukoo wa bwana huyo lilikuwa Cholmondeley, nalo Waingereza hulitamka "Chamli". Watu wanaoweza kuandika herufi kumi na mbili na kutamka tano hawana budi kumsamehe Mwafrika akisoma jina lao kama lilivyoandikwa.

Toka hapo barabara hupita Gilgil na kufika juu ya ziwa Elmenteita. Au ni Elementaita? Ramani za zamani na stesheni ya reli zilitumia Elmenteita. Mwaka wa 2011, ziwa hilo pamoja na Nakuru na Bogoria yalipoandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, liliandikwa Elementaita. Hapa sikio la Kiswahili limeonyesha nguvu yake: Kiswahili hakipendi l na m zibanane, basi kimetia e katikati ili ulimi upate pa kukanyaga. Asili ya jina ni Kimaasai, ol muteita, na maana yake ni mahali pa vumbi.

Jina la Nakuru nalo ni la Kimaasai, na maana yake huelezwa vivyo hivyo, kuwa ni mahali pa vumbi. Maziwa mawili jirani, na yote mawili yameitwa kwa vumbi! Mgeni afikaye leo akaona maji mengi yaweza kumjia kicheko. Lakini wenyeji wa kale hawakuwa wakisema upuuzi. Maziwa hayo ni ya magadi, hayana kina kirefu, wala hayana mto wa kuyatoa maji. Mvua ikipungua miaka kadhaa hurudi nyuma, na upepo huinua vumbi jeupe la chumvi likatanda juu ya mji, kama ilivyotokea katika miaka ya 1990. Kisha mambo hugeuka. Baada ya mwaka wa 2010 maji ya Nakuru yalipanda hata yakaifunika njia na lango la zamani la hifadhi ya wanyama, likabidi lango lingine lijengwe. Mwaka wa 2020 Naivasha nayo ilipanda ikaingia katika nyumba za watu.

Jina la vumbi, basi, halikuwa la kueleza siku moja. Lilitolewa na wachungaji walioliona ziwa likija na kwenda, nao walijua kwamba palipo na maji leo paweza kuwa vumbi kesho, na palipo na vumbi paweza kurudiwa na maji. Mkulima anunuaye shamba kando ya ziwa angefanya vema kuuliza maana ya jina kabla ya kuuliza bei.

Mji wenye London yake

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na mji ukakua kando ya stesheni. Tarehe 1 Desemba 2021 ulipewa hati ya kuwa jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ndani ya jiji hilo mna majina ya kila namna. Bondeni na Milimani ni Kiswahili kitupu. Hata mgeni aweza kukisia mahali yalipo. Pia kuna mtaa uitwao London. Wakazi wake hulitamka jina hilo kwa mkazo na irabu za kwao, wala hawakumwomba ruhusa mtu yeyote wa mto Thames. Huko nako ni haki: jina likiisha kukaa mahali papya na kupata wenyeji wapya, huwa lao.

Juu ya jiji ni Menengai, shimo kubwa la mlima wa moto, lenye upana wa kilomita zipatazo 12. Jina hili hutajwa pamoja na neno la Kimaasai la maiti, na wazee husimulia vita vya karne ya kumi na tisa kati ya Wamaasai wenyewe, ambamo vijana wengi wa Ilaikipiak waliangamizwa kwa kutupwa katika shimo lile. Leo watu huenda ukingoni kutazama mandhari, na mvuke wa chini huchimbwa kwa ajili ya umeme. Si vibaya. Lakini asimamaye pale akijua maana ya jina hupunguza sauti kidogo.

Upande wa magharibi ni Njoro, panapo Chuo Kikuu cha Egerton. Asili yake ni enchorro, neno la Kimaasai la chemchemi au mahali pa kunyweshea ng'ombe. Upande wa kaskazini-mashariki ni Nyahururu, penye maporomoko ya mto Ewaso Narok yenye urefu wa mita zipatazo 74. Jina hili limepita vinywa viwili: Wamaasai walisema e-naiwurruwurr, wakiiga mvumo wa maji yaangukayo, na Wakikuyu wakalitamka kwa desturi ya lugha yao. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alifika hapo, na kwa muda mrefu mji wote ukaitwa Thomson's Falls. Baada ya uhuru mji ulirudishiwa jina la Nyahururu, na maporomoko yakabaki na jina la Thomson. Watu wa huko hawaoni shida kuyatumia majina yote mawili.

Walioyatoa majina walikwenda wapi?

Msomaji atakuwa amekwisha kutambua jambo moja. Naivasha, Elmenteita, Nakuru, Menengai, Njoro: yote ni ya Kimaasai. Lakini msafiri apitaye miji hiyo leo husikia zaidi Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kiluhya, Kikisii na Kiswahili. Wenye majina wako wapi?

Jibu limo katika hati. Kwa mapatano ya mwaka wa 1904 Wamaasai walitolewa katika nchi iliyo kando ya reli, penye Naivasha na Nakuru, ili masetla wapewe. Baadhi walipelekwa Laikipia na wengine kusini. Kwa mapatano ya pili, ya mwaka wa 1911, wale wa Laikipia nao walihamishwa kwenda kusini, kazi iliyoendelea hata mwaka wa 1913. Mwaka huo Wamaasai kadhaa, wakiongozwa na Ole Njogo, walipeleka shauri mahakamani. Mahakama ikasema kwamba mapatano yale yalikuwa kama mikataba kati ya dola na dola, na kwamba haina uwezo wa kuyaamua. Wakashindwa.

Watu waliondoka, ng'ombe wakaondoka, majina yakabaki. Karani aliyeandika Naivasha kwa v hakukusudia kuhifadhi ushahidi, lakini ndivyo alivyofanya. Hata jina lililoharibiwa na ulimi wa mgeni lingali lasema ni nani aliyenywesha ng'ombe wake hapo kwanza.

Wala Wamaasai nao hawakuwa wa kwanza kabisa. Karibu na Nakuru kuna kilima kidogo kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, ambako Mary Leakey alichimba mwaka wa 1937 na 1938 akakuta makaburi, vyungu na vyombo vya mawe vya watu wa zama za kale. Watu hao bila shaka walikuwa na jina la kilima chao. Hakuna ajuaye lilikuwa nini. Leo mahali pao panaitwa kwa Kiingereza, kwa jina la mnyama mdogo akaaye miambani. Hivyo ndivyo hali inavyokuwa jina linapopotea kabisa.

Tena, kurudisha jina si sawa na kurudisha haki. Kaskazini mwa Nakuru liko ziwa lililoitwa na Waingereza Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyepita pande hizo mwaka wa 1885 na kuuawa Busoga mwaka huo huo. Baadaye likaitwa Bogoria, na watu wakafurahi kuona jina la kienyeji. Lakini mwaka wa 1973 nchi hiyo ilipofanywa hifadhi, Waendorois waliokaa kando ya ziwa walitolewa. Walipeleka malalamiko yao mpaka kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo uamuzi wake wa kuwapa haki ulitangazwa mwaka wa 2010. Jina lilikuwa lao kwenye ramani, na wao wako nje ya ramani.

Jinsi ya kuyatamka

Hata jina la nchi nzima lina historia ya namna hii. Mwaka wa 1849 Ludwig Krapf, akiwa Ukambani, aliona mlima wenye theluji ambao Wakamba huuita Kiinyaa na Wakikuyu Kirinyaga. Mwaka wa 1920 koloni likaitwa Kenya kwa jina la mlima huo. Waingereza walilitamka "Kinya". Waafrika walisema Kenya, kama lilivyoandikwa. Baada ya uhuru wa 1963 matamshi ya wenyeji ndiyo yaliyoshinda, hata redio ya London ikayafuata. Hapa wengi walisema, na dunia ikasikia.

Lakini Waswahili nao wasijione watakatifu. Mvita ni Mombasa, Unguja ni Zanzibar, na majina haya yote bado yanatumika. Jina la Uingereza lilitufikia kwa Kireno, na hapana Mwingereza anayeliitambua nchi yake ndani ya neno hilo asipoelezwa. Kila lugha ina mlango wake, na neno la kigeni halipiti bila kuinama.

Kwa hiyo si dhambi kusema Naivasha, wala si ushamba kusema Elementaita. Katika barua, hati ya shamba na hundi, jina liandikwe kama lilivyo katika sheria, maana herufi moja iliyogeuzwa yaweza kumpa mtu taabu ya miezi katika ofisi. Katika mazungumzo, jina litamkwe kama wasikilizaji wanavyolielewa. Lakini mtu akiwa mbele ya mwenye jina, adabu yataka asikilize jinsi anavyolisema na ajaribu kumfuata, hata ulimi ukigoma.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba maana isiachwe. Wako bado wazee, Narok na Kajiado na Laikipia, wajuao kila jina la bonde hili lilitoka wapi na lilionya nini. Mwalimu wa Gilgil au Njoro anayewafundisha watoto ramani aweza kuandika ubaoni majina mawili badala ya moja, lile la kibaoni na lile la kwanza, na chini yake maana. Ni kazi ya dakika tano. Naye karani wa ardhi apokeaye ombi la kujenga kando ya ziwa la vumbi atakuwa amepata sababu ya kuuliza swali moja zaidi kabla ya kugonga muhuri.